Dakota inapogusa ardhi: tathmini ya C-47 kama ndege ya kutua vitani

Sifa za C-47 zimeandikwa mpaka zikachosha, na karibu zote ni sifa za angani: inabeba, inavumilia, injini moja ikizimika inaendelea na nyingine. Hapa tunaipima pale ambapo ndege za uchukuzi za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia zilivunjika bila adui kufyatua hata risasi moja, yaani wakati wa kutua. Mwenye haraka achukue hukumu mapema: kuitua C-47 si kazi rahisi, hasa upepo ukitoka ubavuni, lakini inapoharibikiwa wakati wa kutua, mara nyingi watu hutoka wazima na ndege yenyewe huinuliwa ikaruka tena. Kwa jeshi linalotua kwenye majani, tope na mabati yaliyotobolewa, sifa hiyo ya pili ina thamani kuliko urahisi wowote.

Kwa asiyeijua, hii ni DC-3 ya abiria iliyovuliwa viti na kutiwa sakafu ngumu ya mizigo, mlango mpana wa pande mbili upande wa kushoto nyuma, na mabenchi ya chuma ya kukunja kandokando ya kuta. Waingereza waliiita Dakota, na jina hilo ndilo lililoenea. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000 Marekani. Urefu wa mabawa kutoka ncha hadi ncha ni kama mita 29, urefu wa mwili mita 19 na ushei. Injini ni mbili za Pratt & Whitney R-1830, kila moja ya silinda 14 na nguvu za farasi 1,200. Ikiwa tupu ina uzito wa kama kilo 8,200. Kazi ya kawaida iliishia karibu kilo 11,800, na vitani ilibebeshwa hadi kilo 14,000. Humo ndani waliingia askari 28, au mizigo ya kama kilo 2,700, au majeruhi 18 hadi 24 kwenye machela. Hesabu hizi za uzito zishike vizuri, kwa sababu mzigo na mahali ulipowekwa vina sehemu yao katika makosa ya kutua.

Magurudumu: polepole, na ni bora hivyo

Magurudumu makuu mawili yanaingia ndani ya ganda la injini kwa kukunjwa kuelekea mbele, na hata yakiwa juu sehemu yake hubaki imechungulia nje. La mkiani halikunjwi kabisa. Mambo haya mawili yanaonekana madogo kwenye mchoro, lakini ndiyo yaliyookoa ndege nyingi kuliko kifaa kingine chochote kilichomo, na tutayarudia.

Utaratibu wa kuyashusha una hatua ambazo rubani wa leo angeona ni usumbufu. Rubani msaidizi anasukuma liva ya magurudumu chini. Anangoja kipimo cha shinikizo la mafuta ya haidroliki ya magurudumu kipande juu na kutulia. Anairudisha liva katikati. Kisha kuna liva ya pili, ya kufuli, iliyoko sakafuni kati ya viti vya marubani. Hiyo inalazwa mpaka mwisho ili ndoano za chuma zishike miguu ya magurudumu. Baada ya hapo ndipo unatazama taa ya kijani, unachungulia dirishani kuona gurudumu la upande wako, na mwenzako anafanya hivyo hivyo upande wake. Kulia kwa honi unapopunguza gesi, yaani nguvu ya injini, ni onyo kwamba kuna hatua imerukwa.

Linaloharibika hapa ni haraka. Liva ikirudishwa katikati kabla shinikizo halijapanda, mguu unaning'inia bila kufika mwisho, na kufuli halina pa kushika. Ndege inagusa ardhi, mguu mmoja unakunjika, bawa linalala, na propela ya upande huo inachimba. Taa ya kijani peke yake isikubaliwe kuwa ushahidi. Taa, shinikizo na kufuli vyote vitatu viwe vimesema jambo moja. Mafuta ya haidroliki yakiwa yamevuja, na kwenye ndege hii yanavuja, kuna pampu ya mkono kati ya viti. Kwa kuwa miguu inakunjwa kwenda mbele, uzito wake pamoja na upepo unaokuja usoni vinasaidia kuirudisha chini na nyuma. Pampu ya mkono basi inabaki na kazi ya kumalizia na kuhakikisha kufuli limeshika. Huo ni ubunifu wa kupongezwa, kwa sababu hitilafu ya kawaida kabisa ya mfumo inaiacha ndege ikiwa na magurudumu chini badala ya juu.

Faida ya usumbufu ule wa liva mbili ilikuja kuonekana pale ndege nyingine zilipoanza kuanguka zikiwa zimekwisha kutua. Mwaka 1943 mwanasaikolojia wa jeshi la Marekani, Alphonse Chapanis, alipewa kazi ya kutafuta kwa nini marubani wa ndege za vita za B-17, B-25 na P-47 walikuwa wakikunja magurudumu baada ya kutua, ndege ikajilaza kwa tumbo katikati ya uwanja. Alikuta swichi za magurudumu na za flapu, yaani mabamba ya nyuma ya mabawa yanayoteremshwa wakati wa kutua, zimewekwa ubavu kwa ubavu na zinafanana. Mtu aliyechoka anataka kupandisha flapu, mkono unashika ya jirani. Marubani wa C-47 hawakuwa na tatizo hilo, kwa sababu kwao vidhibiti hivyo viwili havikukaa pamoja na namna ya kuvitumia ilikuwa tofauti kabisa. Dawa aliyoitoa Chapanis, ya kutia kwenye kishikio cha magurudumu umbo la gurudumu na kwenye cha flapu umbo la bawa, ipo mpaka leo kwenye vyumba vya marubani. Dakota ilikuwa salama kwa bahati ya mpangilio wake wa kizamani, lakini bahati nayo huhesabiwa kwenye alama.

Flapu hazihitaji maneno mengi. Ni za kupasuka, yaani bamba la chini ya bawa linafunguka huku la juu likibaki palepale, kwa hiyo zinapofunguka zote zinavuta sana kuliko zinavyonyanyua. Usizifungue zote mwendo ukiwa juu ya maili 112 kwa saa, kama kilomita 180. Kwenye uwanja wa kokoto au tope zipandishwe mara tu ndege inapokaa sawasawa ardhini, maana kila kinachorushwa na magurudumu kinaishia kuzigonga.

Mkia ndio mtihani

C-47 inakaa kwa mkia. Kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya magurudumu makuu, na hilo ndilo chimbuko la tabia yake mbaya kuliko zote. Ndege yenye gurudumu la pua ikipindia upande baada ya kugusa, uzito wenyewe unairudisha kwenye mstari. Hii ikipinda, uzito ulio nyuma unataka kuwahi mbele, na kila nyuzi inayoongezeka ya kupinda inaongeza nguvu ya kupindisha. Usipoikamata mapema inageuka kama pia: bawa la nje linachota ardhi, mguu unapokea mzigo wa ubavuni ambao haukutengenezwa kuubeba, tairi linachomoka au mguu unavunjika.

Upepo wa ubavuni ndio unaoanzisha mchezo huu mara nyingi. Pezi la mkiani ni kubwa na refu, kwa hiyo ndege inajitahidi kuelekeza pua kule upepo unakotoka. Ikiwa bado na mwendo, usukani wa mkia, yaani bamba linalogeuka nyuma ya pezi hilo, una hewa ya kutosha kuizuia. Hatari iko katikati, pale ambapo mwendo umepungua kiasi cha kuuondolea usukani wa mkia nguvu, na mkia bado haujakaa vizuri kwa gurudumu la nyuma kushika ardhi. Sekunde hizo chache ndizo rubani anazolipwa mshahara kwa ajili yake. Zana zake ni tatu, na mpangilio wake una maana. Kwanza usukani wa mkia, kwa kanyagio, mapema na kwa kipimo kidogo kidogo. Pili eleroni, yaani vibamba vya karibu na ncha za mabawa vya kuilaza ndege, bawa la upande wa upepo likandamizwe chini. Tatu gesi ya injini moja, ile ya upande ambao pua inakimbilia, ili kuisukuma pua irudi kwenye mstari. Breki ya mguu mmoja ni akiba ya mwisho, maana ukiibana kwa woga mkia unanyanyuka au unapindia upande wa pili kwa kasi kuliko ulivyoanza.

Kabla ya kutua, gurudumu la mkiani lazima lifungwe lisizunguke. Kuna liva yake. Likiachwa huru, linafuata kila upande mkia unakotaka kwenda, yaani linamsaidia adui. Kinyume chake, ukimaliza kutua na kuanza kukata kona kuelekea maegesho bila kulifungulia, pini ya kufuli hukatika. Pini hiyo imewekwa makusudi iwe dhaifu kuliko kingine chochote kilicho karibu nayo. Kubadilisha pini ni jambo dogo. Tatizo ni fundi asipoigundua, ndege ikarudi kazini, na rubani anayefuata akavuta liva akiamini gurudumu limefungwa.

Sasa kugusa kwenyewe. Ndege hii inaweza kutuliwa kwa magurudumu yote matatu pamoja, lakini wengi walioizoea, hasa ikiwa na mzigo, hutua kwa yale mawili ya mbele huku mkia ukiwa chini kidogo tu ya usawa. Ukaribiaji ni maili 95 hadi 100 kwa saa, juu ya ukingo wa uwanja kama 85 hadi 90, kisha gesi inatolewa taratibu. Magurudumu yakigusa, usukani wa mikononi unasukumwa mbele kidogo, kiasi cha kuondoa pembe ya bawa dhidi ya upepo ili lisiinyanyue ndege tena. Mkia unaachwa ushuke wenyewe mwendo unapokwisha. Ukishashuka, usukani unavutwa nyuma mpaka tumboni na kushikiliwa hapo ili gurudumu la mkiani likandamizwe na kushika.

Mdundo ndio kosa linalojirudia. Ukigusa kwa nguvu huku pua iko juu, mkia unadondoka, pembe ya bawa inaongezeka, ndege inaruka tena mita mbili tatu bila mwendo wa kuibeba. Rubani anasukuma usukani, inagonga kwa nguvu zaidi, inadunda zaidi, na mdundo wa tatu ndio wenye propela ndani yake. Mdundo mdogo unatibiwa kwa kushikilia mkao uleule na kuongeza gesi kidogo ili ishuke taratibu. Mdundo mkubwa hauna tiba zaidi ya gesi yote na kuruka upya, flapu zikipandishwa kwa awamu. Zikipandishwa kwa mkupuo mmoja ndege inazama.

Jambo la mwisho hapa ni la mtu wa mizigo zaidi kuliko rubani. Dakota ikiwa imesimama, sakafu yake ni mlima kuelekea mbele, na mlango uko nyuma. Mapipa na masanduku yanataka kubaki pale yalipoingilia, na wapakiaji waliochoka wanayaachia. Mzigo ukirundikana nyuma, ndege inakuwa nzito mkiani. Angani rubani anaweza kuisawazisha kwa gurudumu la kurekebisha asione ubaya wowote. Ubaya unamngoja anapopunguza mwendo kutua, au anapoongeza gesi yote kuahirisha kutua, pua ikapaa na usukani wa mbele ukawa umekwisha. Kagua minyororo na kamba kwenye pete za sakafu kabla ya kuondoka na tena kabla ya kushuka. Kwenye kusimama kwa ghafla kila kilicholegea kinasafiri mbele, na mbele ndiko walikokaa marubani, mtu wa redio na mwongoza njia.

Viwanja vya vita

Uwanja uliotandikwa mabati ya chuma yaliyotobolewa ulikuwa uvumbuzi mkubwa kwa ndege ya aina hii. Bati moja lina urefu wa futi 10 na upana wa inchi 15, uzito wa kama kilo 30, na matundu 87, na linashikana na jirani yake kwa ndoano za pembeni. Yalijaribiwa kwa mara ya kwanza karibu na Marston, North Carolina, mwishoni mwa 1941. Yakiwa makavu yanatosha kabisa. Yakilowa yanateleza, na breki za Dakota zinakuwa kama hazipo. Yakikosa msingi mzuri chini yake tope linapanda kupitia matundu. Kingo za bati lililofyatuka hukata tairi, na tairi likipasuka upande mmoja wakati wa kutua unarudi palepale kwenye somo la kupinda. Tairi kuu ni pana, za kipimo cha 17.00-16, na upana huo ndio uliokuwa msaada wake mkubwa kwenye majani na mchanga.

Mfano bora wa uwezo wake ni Wau, New Guinea. Uwanja huo wa majani ulikuwa na urefu wa kama mita 940 na mwinuko wa karibu asilimia 12, ukielekea moja kwa moja mlima Kaindi. Unatua ukipanda na kuruka ukishuka, na kuahirisha kutua hakupo: ukishaingia bondeni umeingia. Tarehe 29 Januari 1943, Wajapani wakiwa wamekaribia uwanja wenyewe, ndege zilitua hapo mara 57 kuleta askari wa Australia, waliotoka milangoni wakiingia vitani. Kwenye mteremko kama huo kosa la macho ni lilelile kila mara. Uwanja unaopanda humfanya rubani ajione yuko juu mno, anashuka zaidi, na anagusa kabla ya ukingo. Kisha anahitaji pua ipande zaidi kuliko kawaida ili magurudumu yafuate ardhi, na hilo linataka mwendo wa akiba pamoja na gesi. Anayekuja taratibu kama kwenye uwanja tambarare anagonga. Baada ya kugusa gesi inaongezwa, maana ndege ikisimama katikati ya kilima inazuia zote zilizo nyuma yake.

Tope ni habari nyingine, na hapo C-47 haina muujiza. Tarehe 8 Novemba 1943 ndege ya C-53, ndugu yake wa kubeba askari asiye na mlango mkubwa wa mizigo, iliondoka Catania kwenda Bari, miji ya Italia, ikiwa na watu 30, wakiwemo wauguzi 13 wa jeshi la Marekani. Dhoruba iliipoteza mpaka ikavuka bahari na kutua kwa lazima Albania, nchi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Magurudumu yalizama kwenye ardhi laini na ndege ikasimama ghafla. Hakufa hata mmoja. Wengi wao walitoka nchini humo Januari 1944 baada ya kutembea milimani kwa wiki kadhaa, na wauguzi watatu waliobaki nyuma walitoka Machi. Kiufundi swali ni moja: kwenye tope lisilojulikana, magurudumu chini au juu? Yakiwa chini yanachukua pigo la kwanza, lakini yakizama pua inatumbukia. Yakiwa juu, sehemu ile iliyochungulia na gurudumu la mkiani vinaibeba ndege kama mtelezo. Penye ardhi laini ya wazi, chaguo la magurudumu juu ndilo tunalolipendekeza. Penye ardhi ngumu yenye mawe au mitaro, chini.

Tope hilohilo liliwaumiza Wajerumani zaidi. Tarehe 10 Mei 1940 waliteremsha ndege zao za uchukuzi za Junkers Ju 52 kwenye uwanja wa Valkenburg, Uholanzi, ambao ulikuwa bado unajengwa. Ndege zilizama, hazikuweza kuondoka, na zilizofuata zikakosa pa kutua. Nyingine zilikwenda kushuka ufukweni. Ndege iliyokwama uwanjani inagharimu mara mbili, kwa sababu inaua pia safari za zilizo nyuma yake. Ndivyo ilivyokuwa Burma usiku wa 5 Machi 1944 kwenye eneo lililopewa jina la Broadway, ambapo glaida za Waco, ndege zisizo na injini, zilivutwa mbili mbili nyuma ya C-47 na kuachiwa zitue gizani. Mifereji iliyochimbwa na magogo yaliyokuwa yakiburutwa ilifichwa na nyasi. Za kwanza zilivunja miguu na kukaa njiani, na zilizofuata, zisizo na injini ya kuahirisha kutua, zikazigonga. Wachache kati ya wahandisi na mashine zao walifika wazima, wakasawazisha uwanja, na usiku uliofuata Dakota zilikuwa zinatua hapo.

Zilizoshindana nayo

Ju 52 inatua polepole kuliko Dakota na magurudumu yake hayakunjwi, kwa hiyo hakuna wa kuyasahau juu. Hilo ni jema mpaka siku ya kutua majini au kwenye theluji nzito, ambapo miguu iliyosimama huishika ndege na kuipindua. Injini ya tatu kwenye pua inamzibia rubani njia anapotua. Tunaiweka nyuma ya Dakota, ingawa kwa uwanja mfupi mkavu isidharauliwe.

Curtiss C-46 Commando inabeba mara mbili na zaidi, kwa injini mbili za R-2800 za nguvu za farasi 2,000 kila moja, na mabawa ya karibu mita 33. Nayo inakaa kwa mkia. Tumbo lake nene ni tanga: upepo wa ubavuni unaousumbua mkia wa Dakota unaikamata C-46 nzima, na uzito ulio nyuma ukishaanza kuwahi mbele hauna wa kuuzuia. Mfumo wake wa haidroliki ni mkubwa na una viungo vingi vya kuvuja. Kwa safari za India kwenda China juu ya Himalaya ilistahili. Kwa uwanja wa majani chukua Dakota.

C-87 ilikuwa ndege ya mabomu ya B-24 iliyogeuzwa kuwa ya mizigo. Ina gurudumu la pua, kwa hiyo haipindi ovyo, lakini bawa lake jembamba linataka mwendo mkubwa wa kutua, na mguu wa pua ulitengenezwa ukitarajia uwanja mzuri. Kwenye mashimo unavunjika. Hatuoni sababu ya kuipendekeza kwa yeyote mwenye chaguo.

Kuna alama tunazoinyima C-47. Matangi yake ya petroli, manne, lita 3,000 na ushei kwa jumla, yamo katikati ya mabawa, si mbali na injini zilizo moto, na hayakuwa na ngozi ya kujiziba yakitobolewa. Abiria wa mabenchi wanakaa ubavu kwa mwelekeo wa safari, mkao mbaya kuliko wote wa kupokea msimamo wa ghafla; kama hakuna mikanda ya kutosha, watu wakae sakafuni wakiegemea ukuta wa mbele kwa migongo. Mlango mkuu uko kushoto tu. Ndege ikilala upande huo, kinachobaki ni madirisha ya dharura na tundu la juu kwenye chumba cha marubani, na kila aliyemo ayajue kabla ya kushuka, siyo baada. Kabla ya kugusa kwa lazima mlango ufunguliwe au uondolewe, ili mwili wa ndege ukijikunja usiubane. Mara propela zinapogusa: michanganyiko ya mafuta ikatwe, vali za matangi zifungwe, moto wa plagi uzimwe, betri mwisho.

Kuinua kilicholala

Hapa ndipo ndege hii inapowaacha wenzake. Iliyotua kwa tumbo kwenye majani kwa kawaida ina propela mbili zilizopinda, sehemu ya chini ya maganda ya injini iliyosagika, flapu zilizokunjamana na antena za tumboni zilizokwenda. Mabawa ya nje yamefungwa kwenye kipande cha kati kwa mstari mrefu wa bolti, kwa hiyo bawa lililovunjika linafunguliwa lote na kuletwa jingine. Mwaka 1941 shirika la ndege la China, CNAC, lilifika mbali zaidi: DC-3 yake iliyopoteza bawa la kulia kwa mabomu ya Wajapani ilifungiwa bawa la DC-2, ndege ndogo iliyoitangulia, fupi kwa kama mita moja na nusu, ikaruka. Mafundi waliiita DC-2½.

Anayepokea Dakota iliyolala asiharakishwe na rubani anayetaka kuondoka. Iinuliwe kwa jeki chini ya mihimili ya kati, miguu ishushwe na kufungwa kwa pini, ndipo ivutwe kwa mkia. Kagua pale miguu inaposhikana na mhimili, utafute mistari ya rangi iliyopasuka na riveti zilizolegea, maana mguu uliopokea pigo la ubavuni unaweza kusimama wima na bado ukawa umevunja kilichoushika. Chungulia ngozi ya juu ya mwili nyuma ya mabawa. Mikunjo ya mshazari pale inamaanisha mkia ulitua kwanza na kwa nguvu.

Propela iliyogonga ardhi injini ikiwa inazunguka haitoshi kubadilishwa peke yake. Fungua vichujio vya mafuta ya injini na utafute chembe za chuma. Pima kama mhimili wa propela umepinda kwa kipimo chenye uso wa mshale kama wa saa, kisha fungua sanduku la gia la mbele na ukague meno. Ikiwa kuna chembe au mpindo, injini yote ishuke, hata kama imewashwa na kunguruma vizuri.